Silinda Nane Hadi Siakago

Tangu nirudi kutoka Siakago, kila anayeingia dukani kwangu anajifanya amekuja kununua kufuli. Analishika, analigeuzageuza, kisha anainama juu ya kaunta na kuuliza, "Mama Mutwiri, ilikuwaje huko?" Nimechoka kurudia. Ninyi wenzangu wa kikundi ndio mnaostahili kusikia yote, kwa hivyo nawaandikia mara moja, kutoka kwetu hadi huko na kurudi. Mambo ya kuandikishana na kutia sahihi nayaruka. Hayana utamu.

Nilikuwa na shughuli mbili. Ya kwanza na kubwa ni mwanangu Mutwiri. Alikuwa amempata msichana, Wanja, binti wa Mwalimu Njeru wa Siakago, na ilibidi twende kwao kubisha hodi. Mutwiri ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki nikiwa bado nambeba mgongoni, nami nikamlea kwa misumari na mabati. Kijana alikuwa amekonda kwa ajili ya huyo msichana. Kama watu wa Siakago wangekataa, sijui ningemtazamaje usoni.

Shughuli ya pili ni gari. Kirimi, mwenye yadi ya magari mjini Meru, alikuwa na mawili makubwa ya kifahari, ya aina moja, yote meupe, viti vya ngozi, na marefu hata unakanyaga kingazi ndipo uingie. Ukiyasimamisha pamoja huwezi kuyatofautisha. Tofauti iko chini ya boneti, na kwenye namba ndogo ya silinda iliyobandikwa nyuma. Moja lina silinda sita na linakunywa dizeli, lingine lina silinda nane na linakunywa petroli. Kirimi anajua sinunui kitu bila kukijaribu, hata nyundo huipiga kwanza. Akanipa yote mawili niende nayo Siakago, nikirudi nimwambie ni lipi linabaki kwangu.

Shemeji yangu M'Ituma, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wazee wetu. Alipoona funguo mbili mezani akacheka kicheko chake kile cha puani. "Mama Mutwiri," akasema, "mwanamke anazipeleka wapi silinda nane? Sita zinakutosha."

Hapo ndipo alipoharibu. Mungu ni shahidi, nilikuwa bado sijaamua. Lakini maisha yangu yote nimekuwa nikipimiwa kinachonitosha. Duka dogo linakutosha. Ploti ya nyuma inakutosha. Nikachukua ufunguo wa nane nikautia mfukoni. Nilitaka tukifika kwa Mwalimu Njeru, boma zima ligeuke liseme, yule pale ndiye mama wa kijana.

Kangeta: mzigo wa miraa

Tulianzia Kangeta sokoni, kabla umande haujakauka, kwa sababu ya ncoolo. Kwa wasioijua, ncoolo ni mzigo wa miraa uliochaguliwa kijiti kwa kijiti na kufungwa kwa majani ya mgomba, unaopelekewa baba ya msichana. Huwezi kuzungumza posa bila huo. Mkishauweka mbele yake, mnanyamaza na kuitazama mikono yake. Akiufungua mbele yenu na kutafuna, mlango umefunguka, semeni. Akiuweka kando umefungwa vilevile, amewakataa kwa heshima. Mnashukuru kwa uji, mnachukua bakora zenu, mnarudi kwenu.

M'Ituma alizunguka soko lote. Huyu miraa yake imekomaa, yule yake ina maji, wa tatu ana maneno mengi. Wazee wenzake wawili walimfuata nyuma wakitikisa vichwa. Alipopata aliyoitaka, akasimama kuifunga mwenyewe, na wasiwasi ukamshika. Watu wa Mbeere, huko Siakago, ni watu wa muguka, akasema, wao hutafuna majani, hawana habari na vijiti. Itakuwaje wakitazama ncoolo yetu waone ni kuni? Nikamwambia baba aliyesomesha binti mpaka akawa muuguzi hawezi kushindwa kutambua mzigo wa heshima. Nilisema kwa ukali.

Wazee wakapanda lile la sita, Mutwiri akashika usukani, ncoolo ikakaa mapajani mwa M'Ituma. Mimi nikabaki peke yangu na nane zangu.

Nkubu hadi daraja la Nithi

Wenzangu, sitawadanganya. Lile gari ni tamu. Kutoka Meru kushuka Nkubu halisikiki kabisa, unadhani limezimika. Lakini ukifika mlimani na kugusa mafuta kidogo tu, linainuka, mgongo unashikana na kiti, na lori lililokuwa mbele yako limeshakuwa nyuma. Nilicheka peke yangu humo ndani. Nikaimba nyimbo za kwaya. Kila kilima baada ya Igoji nilikuwa nakitafuta, nikifika juu nasikitika kimeisha. Kwenye kioo niliwaona wazee wakija nyuma na sita zao, wakipanda kila kilima bila haraka, nami nikasema moyoni, njooni tu.

Tulipokaribia daraja la Nithi, foleni. Lori la viazi lilikuwa limekata ekseli katikati ya mteremko na magari yote yalisimama. Mnajua watu wakisimama pale hawana kazi. Dereva mmoja wa lori akaja akalizunguka gari langu, akasoma ile nane ya nyuma, akaita wenzake. Wakaomba niwafungulie boneti. Nikafungua, kwa nini nisifungue? Wakainama wote wakaanza ubishi. Wa kwanza akasema nane ndiyo injini, hayo mengine ni vinanda. Mwenzake akasema nane ni kiburi, sita za dizeli zitafika kokote nane zitakapofika, tena bila kuuza ng'ombe njiani. Wakapandisha sauti hata wauza parachichi wakaacha ndoo zao wakaja kusikiliza.

Kisha yule wa kwanza akauliza hili gari ni la mheshimiwa gani. Alimuuliza M'Ituma, aliyekuwa amekuja na kofia yake na bakora. Nikajibu mimi kwamba ni langu. Wakacheka vizuri tu, kwa adabu, kama mtu anavyochekea mzaha wa mtu mzima, kisha wakaendelea kumuuliza M'Ituma maswali ya injini. Na M'Ituma, ambaye hajawahi kuendesha hata mkokoteni, akayajibu yote.

Nilifunga boneti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Chuka na Embu

Foleni ilipoachia tulikuwa na njaa, tukaingia hoteli moja ya Chuka. Wazee waliagiza chai na chapati, wakaongeza nyama, wakaongeza tena chapati. M'Ituma alikataa kuiacha ncoolo ndani ya gari, akaikalisha kwenye kiti chake yenyewe na kuinyunyizia maji. Mhudumu akamuuliza kama huyo mwingine ataagiza. Hata Mutwiri, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi, alicheka. Nilifurahi kumwona akicheka.

Embu nililipa deni la raha yangu. Mshale wa petroli ulikuwa umelala. Wakati mimi nimesimama kituoni nikilinywesha lile jitu, wazee walikaa kwenye sita yao wakinitazama, mshale wao ukiwa haujashuka kitu. M'Ituma aliteremsha kioo akaniuliza kama ng'ombe wangu ameshiba. Nikafungua buti nikatoa koti langu la kazi, lile la kaki ninalovaa dukani, nikalivaa juu ya gauni la kitenge nililoshonesha kwa siku hiyo, na kofia yangu ya kazi nikaivaa pia, maana nilikuwa nimeambiwa huko mbele kuna kilomita kadhaa za vumbi. Nilipanga kuvua kabla hatujaingia. Huo ndio mpango ulionitia taabuni.

Siakago, kwa Mwalimu Njeru

Ukitoka Embu kuteremka Siakago joto linakuja kukupokea. Ardhi inakuwa nyekundu, mbuzi wanakuwa wengi kuliko watu, na mizinga ya nyuki inaning'inia mitini. Vumbi lilikuwa kama nilivyoambiwa. Wazee walitangulia ili waingie kwanza, kama inavyopasa, mimi nikafuata ndani ya wingu lao.

Boma la Mwalimu lilikuwa limefagiliwa mpaka chini kunang'aa. Mutwiri alisimamisha mbele ya mlango kabisa. Mimi nikapelekwa kando karibu na ghala, kwa kuwa hakukuwa na nafasi nyingine. Nikashuka, na jambo la kwanza nililoona ni kwamba ile namba nane ya nyuma imezikwa na vumbi. Nimetoka Meru na nane, halafu isionekane? Nikachukua kitambaa nikaanza kuipangusa. Nikapangusa na milango, nikapangusa na taa. Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa ameshawapokea wazee, wameshaingia na Mutwiri wao, na mlango umefungwa.

Akaja mpwa wa Mwalimu, kijana mtanashati mwenye tai. Akaniinamia kidogo. "Dereva, pole na barabara," akasema. "Karibu hapa kivulini, chakula kinakuja."

Dereva.

Ningesema neno moja tu hapo, mambo yangeisha. Sikulisema. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi niliyezaa huyo bwana harusi, mimi niliyelipia kila kitu kuanzia ile ncoolo hadi chapati za Chuka, nijieleze kwa kijana wa tai? Hapana. Wangenitambua wenyewe, waone haya. Wanja angenitambua mara moja, amekula kwangu mara nyingi, lakini siku kama hiyo msichana hufichwa na shangazi zake chumba cha ndani. Nikakaa kwenye kistuli kando ya ghala na koti langu la kaki, nikaletewa sahani ya wali na ndengu na soda ya moto. Mlangoni niliona vibuyu vya uji wa mawele vikipelekwa ndani kwa wageni. Uji ule ninaupenda sana. Nilikula wali wangu kwa hasira.

Mwaweza kuuliza, kwani M'Ituma hakukuita? Hakuwa na sababu. Kwetu wanaume hutangulia, mama huitwa baadaye mambo yakishafunguka. Alidhani niko jikoni na wanawake, nimestarehe. Na bwana harusi siku hiyo hasemi kitu, anakaa anatazama viatu vyake.

Kando ya ghala

Baada ya muda mrefu M'Ituma akatoka. Nilimwona tu nikajua. Kofia alikuwa ameishika mkononi, na sijawahi kumwona bila kofia ila kanisani. Hata hakuuliza kwa nini niko pale.

Akaniambia polepole kwamba ncoolo iliwekwa mbele ya Mwalimu vizuri, kwa maneno mazuri. Mwalimu akaishika, akashukuru, akaiweka kando ya kiti chake. Haijafunguliwa. Tangu hapo wanazungumza habari za mvua. Mvua ya mwaka jana wameimaliza, sasa wako kwenye ya mwaka huu. Wazee wawili ndani walikuwa wameshatazamana. "Tumekataliwa, mama," akasema. "Nitaingia nishukuru, tuondoke kabla jua halijashuka."

"Na Mutwiri?"

"Analijua. Amekaa tu."

Akarudi ndani. Hasira yote ilitoka ikabaki hofu. Akilini nilimwona kijana wangu amekaa kwenye kiti akitazama viatu, akingoja wazee wanyanyuke. Nikaanza kulilaumu gari. Nikajiambia Mwalimu ameona kishindo cha nane akaudhika, akasema hawa wamekuja kututambia. Nililitazama lile gari jeupe nililolipangusa nikatamani lizame ardhini.

Ndipo akatokea bibi kizee mmoja kutoka jikoni, mfupi, na fimbo yake, akaja moja kwa moja kwenye gari. Huyo ndiye nyanya yake Wanja, mama yake Mwalimu Njeru. Wote pale humwita Cucu. Akaligonga gurudumu kwa fimbo, akapitisha kiganja kwenye mlango. Akaniuliza kama gari ni la yule mzee mwenye kofia. Nikasema hapana.

"Ni la nani basi?"

"La mama wa kijana," nikasema.

Akanigeukia haraka. "Na huyo mama yuko wapi? Mwanangu amekaa huko ndani na mzigo wa watu hajaufungua, anamngoja yeye. Hapa kwetu mzigo hauguswi kama mama hajaketi. Anaona haya kuuliza. Anasema labda mama hamtaki Wanja wetu, ndiyo maana ametuma gari tupu na dereva."

Gari tupu. Silinda nane, kutoka Meru hadi Siakago, na nilikuwa nimeleta gari tupu! Na huko ndani walikuwa wamekaa wazee wa pande mbili, kila upande ukiamini umekataliwa na mwingine, na wote wana adabu mno kuuliza.

"Cucu," nikamwambia, "mama wa kijana ni mimi."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Na dereva?"

"Dereva pia ni mimi."

Alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha akanikabidhi fimbo yake niishike, akaanza kunifungua vifungo vya koti kwa mikono yake, kimoja kimoja, akilalamika njia nzima ya vifungo. Gauni langu la kitenge lilipotokea, akaguna kwa kuridhika. Akanishika mkono akaniingiza kwa mlango wa mbele.

Ndani

M'Ituma alikuwa ameshasimama, shukrani yake iko mdomoni. Cucu akamwambia aketi. Akanipitisha katikati ya wanaume wote, akamwambia mwanawe kwa Kimbeere maneno machache, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nasi tusikie: "Huyu ndiye mama. Amejiendesha mwenyewe kutoka kwao."

Mwalimu Njeru akasimama. Mtu mrefu, mpole, mwenye miwani. Aliniomba msamaha kwa sahani ya kando ya ghala, nami nikamwomba msamaha kwa kuikubali, na pale nusura tuanze kushindana ni nani amekosa zaidi. Akangoja niketi. Nilipoketi, akaichukua ncoolo, akaiweka magotini, akafungua majani ya mgomba moja baada ya jingine. Akachagua kijiti, akakitazama, akakitafuna. Akasema ni tamu, ila meno yake yamezoea muguka, yatahitaji muda.

Vigelegele vya jikoni nilivisikia kifuani. Mutwiri aliinua uso kutoka kwenye viatu vyake, akanitafuta kwa macho, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila hata kuyafuta. Mimi pia nililia, sioni haya kusema. Nililetewa kibuyu cha uji wa mawele nikakimaliza, nikaomba kingine.

M'Ituma alipopata nguvu zake, alitaka kusifiwa. Akamuuliza Mwalimu amelionaje lile gari la silinda nane tulilomletea hadi kwake. Mwalimu akauliza ni lipi kati ya yale mawili. Yeye alidhani lililo kubwa ni lile walilokujia wazee.

Kurudi

Wakati wa kuondoka Cucu alitaka apelekwe kwa dada yake, upande wa pili wa soko la Siakago. Akatembea hadi gari lililokuwa karibu na mlango, lile la sita, kwa kuwa kwake yote ni meupe. Kabla sijasema kitu M'Ituma alikuwa ameshakaa kiti cha mbele cha nane na kufunga mkanda. Basi nikampa Mutwiri ufunguo wangu, nikachukua wake.

Mutwiri alimfungulia Cucu mlango wa nyuma, penye kile kiti kipana cha ngozi. Akakataa katakata. "Mimi nitakaa mbele," akasema, "na dereva wangu." Njia yote alipungia watu mkono, na kila tuliyempita alimwelekeza kwangu kwa kidole.

Baada ya kumshusha nikakaa na zile sita peke yangu na wale wazee wawili waliosinzia nyuma. Zinanguruma zaidi, hilo ni kweli. Mlimani zinajikusanya kwanza ndipo zianze kuvuta. Lakini zikishaanza haziachi. Tulipanda Nithi, tukapanda vile vilima vyote nilivyokuwa nimevishangilia asubuhi, na aliyenipita hakunishughulisha.

Kirimi alipotoka kunipokea yadini alitazama mikono yangu, ni ufunguo upi nimeshika. Nikamwambia nabaki na sita. Akashtuka, akauliza kama nane imeonyesha kasoro. Haina kasoro hata moja. Ila zile silinda mbili za ziada nilizitaka zinitangulie ziseme mimi ni nani, na siku nilipozihitaji hazikufungua mdomo. Nilisema mwenyewe. Tangu hapo nimeona hiyo kazi naiweza.

Msiniletee habari kwamba M'Ituma anajisifu ameshinda. Aliporudi kutoka Siakago na nane, akiwa ameegemea kile kiti, alikuja kwangu kesho yake na keshokutwa kunisihi nibadilishe. Sasa anayelilia silinda nane ni yeye. Nikamwambia sita zinamtosha.

Wanja hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, na kabla hatujamaliza salamu namsikia Cucu akimnyang'anya simu. Huuliza neno lile lile, kwa sauti kubwa, maana anataka jirani zake wasikie.

"Ni dereva wangu?"

Nami hujibu kwa sauti kubwa vilevile, hata duka likiwa limejaa watu na makufuli yao.

"Ndimi, Cucu. Ndimi."